Pasi ya Mwisho ya Roland Hemken

Familia ya Hemken inawashukuru nyote mliofika leo, tarehe 8 Februari 2024, pamoja na baridi hii, kumsindikiza Roland Everett Hemken. Wasifu huu umeandikwa na mjukuu wake, Maren, kwa maagizo ya marehemu mwenyewe, na mjane wake ameusoma kabla haujachapishwa. Marehemu aliomba mambo mawili: usipambwe, na isirukwe sehemu yoyote hata kama kahawa inapoa kule chini ukumbini.

Roland alizaliwa tarehe 4 Machi 1950 katika shamba la wazazi wake, Gerhard na Hilma Hemken, kaskazini ya mji wetu wa Wessel Grove, Iowa. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Dada yake Verna, aliyeketi hapa mbele, anakumbuka kwamba kabla hajaanza shule alikuwa na kazi moja aliyojipa mwenyewe: kurusha magunzi ya mahindi kupitia tundu la ukuta wa banda la nguruwe. Baba yao alimwambia aache kuwasumbua nguruwe. Baadaye, alipoona kwamba gunzi halikosi tundu hata mtoto akiwa amesimama upande wa pili wa barabara, akaacha kusema. Verna anakumbuka pia kwamba mama yao alifuga bata bukini mkali, na kila bata huyo alipomkimbilia Roland, Roland alisimama palepale na kufumba macho. Verna alimuuliza kwa nini hakimbii. Alijibu kwamba akifumba macho bata hayupo. Hadithi hii ilisimuliwa kila Krismasi nyumbani kwa akina Hemken na watu wakacheka. Marehemu aliomba iandikwe hapa, mwanzoni kabisa.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini, kisha sekondari ya Wessel Grove, akamaliza mwaka 1968. Ni huko sekondari alikokutana na Duane Fossum, mtoto wa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mrefu, mkimya, mwenye mikono ambayo kocha mmoja alisema ingefaa kubebea mayai. Wote wawili walicheza mpira wetu, huu wa kofia ngumu na wa kushikwa mikononi. Roland alikuwa kwotabeki, yule anayeupokea mpira kwanza na kuamua aurushe wapi. Duane alikuwa mdakaji. Majira ya joto, kazi za shambani zikiisha, walikuwa wakirushiana mpira kwenye malisho ya akina Fossum mpaka ng'ombe wakawazoea na kuacha kunyanyua vichwa.

Vuli ya mwaka 1968 waliingia pamoja Chuo cha Wessel, hapa hapa mjini, na kukaa chumba kimoja. Roland alisomea historia na ualimu. Duane alisomea ualimu pia, kwa sababu alitaka jambo moja tu maishani, kuwa kocha wa sekondari aliyosoma. Waliomfahamu wanasema alikuwa mtu wa kukaa kimya chakula kizima, lakini ukimuuliza jinsi ya kumfundisha mtoto kukata kona mbele ya mlinzi, supu yake ilipoa.

Roland alianza kucheza kama kwotabeki wa kwanza wa chuo mwaka 1969. Wengi wenu mlikuwa kwenye majukwaa yale ya mbao, kwa hiyo si lazima kusimulia sana. Hakuwa na mbio. Hakuwa mkubwa. Alikuwa na mkono, na alikuwa mtulivu, au alionekana mtulivu. Mwaka 1970 Chuo cha Wessel kilishinda michezo mingi kuliko miaka yote iliyotangulia, na mabao mengi ya msimu ule yalitoka mkononi mwa Roland yakaishia mikononi mwa Duane.

Hapa ni lazima kueleza desturi moja, kwa sababu bila hiyo yaliyofuata hayaeleweki. Kocha wa chuo, Wendell Prather, alikuwa na sheria kwa kwotabeki wake. Baada ya kushindwa, kwotabeki ndiye anayesimama mbele ya waandishi wa magazeti na kusema kosa ni lake. Hata mdakaji akiudondosha mpira uliomwangukia kifuani, aseme amemrushia vibaya. Prather alimwambia Roland, "Wewe utakuwa na jina, wao hawana. Tumia jina lako kuwafunika." Roland aliishika sheria hiyo kwa moyo wote. Oktoba mwaka 1970, siku ya mvua, Duane aliudondosha mpira akiwa peke yake kwenye mstari wa bao, na timu ikashindwa. Roland akawaambia waandishi kwamba mpira ulimponyoka mkononi kwa sababu ya matope. Kila aliyekuwa uwanjani alijua si kweli. Jumapili yake kanisani, wazee walimshika Roland bega mmoja mmoja. Duane mwenyewe alimwambia usiku ule chumbani, "Nitalipa hilo, Rollie." Roland akamjibu alipe kwa kudaka.

Tarehe 13 Novemba 1971 ulikuwa mchezo wao wa mwisho, dhidi ya Chuo cha Kettler. Atakayeshinda ndiye bingwa. Kulikuwa na mtu mwingine jukwaani siku hiyo, mgeni aliyevaa koti la manyoya, ametumwa na timu ya kulipwa ya Kanada. Hakuja kumtazama Roland. Alikuja kumtazama Duane, na timu nzima ilijua.

Katika robo ya tatu Roland alipigwa mbavuni na mlinzi wa Kettler, kijana mkubwa mno, jezi namba sabini na nne. Alisimama na kuendelea. Hakumwambia mtu kwamba hawezi kuvuta pumzi vizuri. Zikiwa zimebaki dakika chache, Wessel wakiwa nyuma kidogo, Kocha Prather alipeleka uwanjani mpango walioufanyia mazoezi tangu majira ya joto. Mpango wenyewe ulikuwa na njia mbili, na njia ilichaguliwa kwa kumtazama mlinzi aliyemkabili Duane. Mlinzi akisimama mbali, Duane akate upesi ndani, kuelekea katikati ya uwanja. Mlinzi akisogea karibu, Duane ampite na kukimbia mbele moja kwa moja. Duane alitakiwa kumtazama mlinzi. Roland naye alitakiwa kumtazama mlinzi huyo huyo. Hawakuhitaji kuambiana kitu.

Mlinzi alisogea karibu. Duane aliona, akampita, akakimbia mbele, na alikuwa peke yake, hakuna mtu wa Kettler karibu naye.

Roland hakumtazama mlinzi wa Duane. Alikuwa anamtazama namba sabini na nne. Alikuwa ameshaamua, kabla mpira haujamfikia mkononi, kwamba ataurusha ndani upesi ili auachie kabla hajapigwa tena. Namba sabini na nne alipopenya na kumjia, Roland alifumba macho akarusha. Mpira ulikwenda ndani, mahali pasipokuwa na mtu wa Wessel. Mlinzi mwingine wa Kettler aliyekuwa akirandaranda pale aliudaka kama aliyeokota kofia yake, akakimbia nao mpaka mstari wa bao.

Watu jukwaani hutazama mpira. Waliona mpira mzuri umeanguka mahali ambapo mdakaji alitakiwa awepo, na wakamwona mdakaji yuko mbali, peke yake, amenyoosha mikono. Mtu mmoja alisema kwa sauti, "Fossum kapotea," na jukwaa zima likapata maelezo. Mgeni wa koti la manyoya aliondoka kabla kipenga cha mwisho hakijalia. Timu ya Kanada haikumwandikia Duane wala kumpigia simu.

Roland alisimama mbele ya waandishi akasema ukweli. Alisema Duane alipita njia sahihi na yeye ndiye aliyekosea. Maneno hayo yamo katika gazeti la mji la Jumatatu iliyofuata, chini ya kichwa kikubwa: HEMKEN AMBEBEA MWENZAKE LAWAMA. Mwandishi aliongeza kwamba hata katika siku yake chungu kuliko zote, kijana huyu hakusahau uungwana. Barua za pongezi zilikuja mpaka kutoka Des Moines.

Alikwenda kwa Kocha Prather Jumapili, siku timu ilipokuwa ikitazama filamu ya mchezo. Prather alikuwa ameshaitazama peke yake. "Ulifumba macho," alimwambia. Roland akakubali. Prather akazima mashine. "Umeshawaambia ni wewe. Inatosha. Ukiendelea kuirudia utaonekana unajitafutia sifa." Wachezaji wengine hawakuonyeshwa sehemu ile.

Marehemu alitaka isemwe wazi kwamba alifarijika. Alikuwa amesema ukweli, watu hawakuuamini, na alijiambia kwamba kutoaminiwa si kosa lake. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja. Alisema pia kwamba umri huo hautoshi kuwa udhuru.

Alihitimu mwaka 1972, akafanya kazi kwenye ghala la nafaka la ushirika kwa muda. Tarehe 16 Juni 1973 alifunga ndoa katika kanisa hili na Arlys Boelter, muuguzi, ambaye hakuwa mtu wa mpira na alikubali kuolewa kwa masharti ya kutolazimishwa kukaa jukwaani wakati wa theluji. Walijaliwa watoto wawili, Janelle na Curtis.

Mwaka 1974 sekondari ya Wessel Grove ilihitaji kocha. Walioomba kazi walikuwa wawili, Duane Fossum na Roland Hemken. Waliitwa jioni moja, na Duane akaingia kwanza. Mwenyekiti wa bodi alikuwa Orville Strand, mwenye duka la mbegu, mtu mwema aliyependa mzaha. Alimuuliza Duane, "Sasa, kijana, tukikupa basi la timu, utaweza kulifikisha uwanjani?" Bodi ilicheka. Roland alikuwa kwenye benchi la nje na alisikia kicheko, ingawa hakujua bado kilichosababisha.

Zamu yake ilipofika, aliwaambia kabla hajaulizwa kitu. Alisema, "Bwana Strand, ule mchezo wa Kettler, Duane alikwenda sawasawa. Mimi nilifumba macho nikarusha." Alisema hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Strand akapiga meza kwa kiganja na kuwageukia wenzake.

"Mnamsikia? Mpaka leo bado anambeba mwenzake. Mnataka mtu gani mwingine wa kuwalelea watoto?"

Walimpa kazi usiku ule. Arlys alikuwa mjamzito, mshahara wa ghalani ulikuwa mdogo, na Roland aliipokea. Angeweza kuikataa. Aliomba hilo nalo lisomwe.

Duane alikwenda kuendesha lori la maziwa. Kila alfajiri alipita mashambani kukusanya maziwa na kuyapeleka kiwandani. Hakuna njia katika wilaya hii asiyoijua, na hakuna asubuhi aliyokosa kupita, hata zile ambazo magari ya kusafisha theluji yenyewe yalikwama. Lakini mji ulikuwa umeshapata mzaha wake. Kwenye mgahawa, kwa kinyozi, penye mizani ya nafaka, mtu alikuwa haishi kumuuliza, "Duane, umefikaje hapa, nani alikuonyesha njia?" Hakuna aliyemchukia. Walimpenda, na walimtania kwa sababu walimpenda, na yeye alitabasamu kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya.

Duane alipomuoa LaVonne tarehe 11 Oktoba 1975, Roland alikuwa msimamizi wake. Wakati wa zawadi, kule chini ukumbini, mmoja wa wachezaji wa zamani alimkabidhi bwana harusi kisanduku kilichofungwa utepe. Ndani kulikuwa na dira ya shaba, ile ya kuonyesha kaskazini. Ukumbi uliangua kicheko mpaka vijiko vikaanguka, na kuanzia siku hiyo jina la Duane mjini likawa Dira. Binti zake waliitwa watoto wa Dira. LaVonne hakucheka. Duane alitabasamu, akaishukuru zawadi. Marehemu alikuwa ameketi karibu naye, bega kwa bega, na marehemu alicheka.

Alisema aliyakumbuka mambo mengi ya ujana wake kwa kuhangaika, lakini kicheko hicho hakikumhangaisha kukikumbuka. Kilikuja chenyewe.

Kama kocha, Roland alidumu mpaka mwaka 2006, na wanafunzi wake wengi wamo humu. Mnajua kwamba aliifuta ile desturi. Kwotabeki wake hakuruhusiwa kusema kosa ni lake mpaka amweleze kocha kosa lenyewe ni lipi. Kama si lake, alitakiwa kunyamaza. Wazazi walilalamika kwamba anawafundisha watoto kutupiana lawama, na mmoja alimwandikia kwamba Hemken wa zamani asingefanya hivyo. Curtis, mwanawe, anakumbuka kwamba alipokuwa darasa la sita aliandika insha kuhusu siku baba yake alipombebea rafiki yake lawama. Ilipata alama ya juu kabisa. Aliileta nyumbani, Arlys akaibandika kwenye friji. Roland aliisoma amesimama, akiwa na koti mwilini, halafu akatoka tena nje.

Usiku huo ndipo alipomweleza mkewe. Arlys alimuuliza jambo moja, kama Duane anajua. Roland alisema bila shaka anajua, yeye ndiye aliyekuwa kule peke yake ameinua mikono. Arlys akasema basi kinachobaki si siri, ni aibu, na akaibandua insha. Hata hivyo familia hii haiwezi kujificha nyuma ya Roland peke yake. Hadithi ile ya uungwana ilitupendeza. Tulijua si ya kweli na tuliwaacha watu watusimulie, kwenye mahafali, kwenye foleni ya duka, tukasema asante.

Kesho yake Roland alikwenda kwa Duane. Ilikuwa Januari, na Duane alikuwa amelala chini ya lori lake akipasha moto injini iliyoganda. Mazungumzo hayo marehemu aliyasimulia mara nyingi katika miezi yake ya mwisho, na Duane amethibitisha kwamba yalikuwa hivi.

"Nimewaambia, Duane. Nimewaambia magazetini, nimeiambia bodi."

"Najua umewaambia."

"Hawaniamini."

"Hawakuamini kwa sababu ulishawazoesha. Kila ukisema, wanakupigia makofi. Mimi nabaki Dira, wewe unapigiwa makofi."

Roland alimuuliza anataka afanye nini. Duane alitoka chini ya lori, akajifuta mikono.

"Siku moja waambie mahali wasipoweza kupiga makofi. Sasa sogea, Rollie, maziwa ya watu yanaganda."

Hawakulizungumzia tena kwa miaka mingi. Walisalimiana kanisani. Waliketi meza moja kwenye karamu za viazi na jibini za mavuno. LaVonne alipofariki mwaka 2011, Roland alibeba jeneza, upande wa kushoto, nyuma. Ile dira ilikutwa kwenye droo ya jikoni chini ya karatasi za mapishi, na binti zao hawakujua waipeleke wapi.

Marehemu alianza kuugua figo mwaka 2021. Ilibidi apelekwe Mason City kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na Arlys hakuweza tena kuendesha gari wakati wa barafu. Kanisa liliomba watu wa kujitolea. Asubuhi ya kwanza gari lililosimama mlangoni lilikuwa la Duane Fossum. Aliteremka, akafungua mlango, akasubiri Roland ashuke ngazi.

"Panda," alisema. "Njia naijua."

Roland alicheka. Halafu akaona aibu kwamba amecheka tena, akatazama dirishani mpaka walipopita kiwanda cha maziwa. Duane ndiye aliyesema hatimaye kwamba huo ulikuwa mzaha wake mwenyewe na ana haki ya kuutumia, wengine ndio wangeuomba kwanza.

Alimwendesha mpaka mwisho. Watu wengine walijiandikisha, lakini Duane aliwaambia wakae nyumbani. Walizungumza bei ya mahindi, magoti yao, na vijana wa leo wanaorusha mpira kila mara kama wenye haraka ya kwenda kula. Mwezi uliopita, wakirudi kwenye theluji, Roland alimwambia kwamba amepapata mahali wasipoweza kupiga makofi. Duane alifikiri mpaka kwenye njia panda.

"Wazo zuri," alisema. "Ila watalia. Na kulia nako ni kama makofi."

"Basi nitaomba wasilie hapo."

"Nani atakayesoma?"

Roland alimtaja mjukuu wake Maren. Alieleza kwamba wengine wote katika familia wangepunguza au wangeongeza, lakini Maren kila alipopelekwa uwanjani alisoma kitabu, na hajawahi kumpigia makofi hata mara moja. Duane akasema huyo anafaa.

Roland Hemken alifariki nyumbani kwake Ijumaa tarehe 2 Februari 2024, asubuhi, Arlys akiwa kando yake. Duane alikuwa amefika na gari. Aliambiwa mlangoni. Alirudi garini, akazima injini, akakaa humo mpaka Arlys alipompelekea kahawa na kumwambia aingie ndani.

Sasa tunafika kwenye lile aliloomba. Ameomba lisikilizwe bila kulia, na bila mtu kumwambia jirani yake kwamba hata leo Rollie anambeba mwenzake. Hambebi. Duane Fossum aliona mlinzi amesogea, akachagua njia sahihi, akaikimbia sawasawa, na alikuwa peke yake mbele ya bao. Roland aliogopa kupigwa, akafumba macho, akarusha mahali pasipo na mtu. Mchezo ule alishindwa yeye. Kazi ya ukocha aliipata kwa sababu watu waliupokea ukweli wake kama uungwana, na aliyestahili kushindana naye kwa haki alichekwa chumba kilekile dakika chache kabla. Aliomba kwamba kuanzia leo mtu yeyote asimwite Duane kwa jina la Dira, hata kwa upendo.

Rasimu ya wasifu huu ilipelekwa kwa Duane Jumatatu, kwa sababu haikuwa haki kuisoma bila idhini yake. Aliisoma mezani kwake bila kuvua kofia, kisha akairudia tena. Alitaka neno moja tu liongezwe, nalo limeongezwa kule juu alikotaka. Palipoandikwa kwamba mlinzi namba sabini na nne alikuwa mkubwa, alitaka iandikwe mkubwa mno.

"Ungemwona, Maren," alisema. "Mimi mwenyewe ningefumba."

Marehemu ameacha mjane, Arlys, binti, Janelle, na mumewe, mwana, Curtis, na mkewe, wajukuu wanne, dada yake, Verna, ambaye siku ya Kettler alikuwa jukwaani, akamwona mdogo wake amekunja uso, na akamkumbuka yule bata. Walimtangulia wazazi wake, Gerhard na Hilma. Ameacha pia rafiki yake tangu sekondari, Duane Fossum, ambaye leo amebeba jeneza akiwa wa kwanza upande wa kulia, na ambaye atauongoza msafara kutoka hapa mpaka makaburini. Barabara ya juu imefungwa kwa theluji. Familia inaomba magari yote yamfuate yeye.

Lililobaki limesemwa, Roland. Lala sasa, Mungu akupe amani.